Gundi ya Chuma

Kaka alilipima kava kiganjani kabla hajasema lolote. Nilikuwa nimelinunua Tabora mjini asubuhi ile na kulipakata njia nzima ndani ya basi, kwa hiyo nilitegemea aseme asante, au walau aulize bei.

Akasema, "Jepesi."

"Ni jipya," nikasema.

"Nimesema jepesi. Sijasema bovu."

Ilikuwa Agosti, Kigwa, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba. Kwetu Agosti ni mwezi wa upepo na vumbi la kichanga. Nguo uliyoianika asubuhi unaikung'uta kwanza ndipo uikunje. Mbele yetu lilisimama guta la kaka, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi la mizigo nyuma. Kwa wasomaji wa mjini guta ni kitu cha kubebea maji na saruji. Kwetu linabeba majani ya tumbaku kutoka shambani kwenda kwenye bani la kukaushia, linabeba kuni za bani lenyewe, linabeba mahindi kwenda mashineni, na usiku likiitwa linabeba mgonjwa. Limewahi kubeba bibi harusi. Limewahi kubeba jeneza. Nauli yangu ya kwanza ya kwenda chuo kikuu ilitoka kwenye bodi lile.

Klachi ya pikipiki za aina hii inakaa ubavu wa kulia wa injini, na inaoga kwenye oili ileile inayolainisha gia. Kava ndilo ukuta unaozuia oili isimwagike na vumbi lisiingie. Ukilitazama kwa nje unaona kipande cha aluminiamu chenye bolti pembeni. Ukiligeuza unakuta lina kazi nyingine: limeshika mkono unaovutwa na waya wa klachi, shafti ya kiki inapita katikati yake, kijiti cha kupimia oili kinazama humo, na kuna njia nyembamba ya oili iliyochimbwa ndani ya ukuta wake, inayopeleka oili kwenye krenki.

Kava la zamani lilikuwa na kovu. Lilipasuka kona ya chini, likachomelewa mjini mwezi Machi, na moto wa kuchomelea ukalipinda kidogo sana. Kwa macho huoni. Oili iliona. Tangu Machi guta lilikuwa linaacha doa kila lilipolala, na kaka alikuwa anaongeza oili kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Yote haya ni yule dogo," alisema akiinama kutafuta beseni.

Nilinyamaza. Aliyelipasua lile kava ni mimi.

*

Desemba iliyotangulia nilikuwa nyumbani kwa likizo. Kaka alinifundisha kuendesha guta nikiwa kidato cha sita, kwenye shamba lililovunwa, na alikuwa ananiamini nalo kuliko alivyoamini wanaume wengi. Siku ile alinituma kupeleka gunia la mahindi mashineni. Nilipokuwa narudi bodi lilikuwa tupu, njia imelowa, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyetoka Dar na kukuta barabara haina foleni. Mbuzi akakatiza. Nikakwepa. Gurudumu la mbele likaacha njia na ubavu wa kulia wa injini ukagonga kisiki.

Ufa wenyewe ulikuwa mfupi, urefu wa njiti ya kiberiti. Oili ilikuwa inatoka jasho tu, haichuruziki. Kwenye duka la njiani nikanunua gundi ya chuma, ile ya vichupa viwili, nyeusi na nyeupe. Nikafuta ufa kwa pindo la kanga, nikachanganya gundi juu ya kipande cha boksi, nikaipaka kwa kijiti, nikakaa chini ya myombo mpaka ikakauka. Ilipokauka iling'aa kuliko kava lenyewe. Nikachukua vumbi, nikalichanganya na oili kidogo, nikapaka juu yake mpaka rangi zikafanana.

Siku tatu baadaye nilipanda treni kurudi Dar es Salaam.

Gundi ya chuma ni kitu kizuri mahali pake. Lakini kava la klachi linapata moto na kupoa mara nyingi kwa siku, aluminiamu inatanuka na kusinyaa, na uso niliofuta kwa kanga ulikuwa bado na oili. Nilichobandika pale kilikuwa kimeshikilia uchafu. Kilidumu mpaka Machi.

Machi ni wakati mabani yanawaka na maguta hayalali. Kaka alikuwa na kijana anayemsaidia, wa miaka kumi na minane hivi, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anapeleka kuni. Kipande cha gundi kilibanduka njiani. Oili ikaanza kutoka bila yeye kujua, nyingine ikidondokea pedali ya breki ambayo iko upande huohuo wa kulia. Kwanza klachi ikaanza kuteleza: injini inalia, guta haliendi. Halafu, kwenye mteremko wa kuingia mtoni, akakanyaga breki na mguu ukatoka. Guta likashuka na mzigo wake. Aliruka pembeni. Kuni ziliangukia pale alipokuwa amekaa.

Kaka alinipigia jioni ile. Pleti za klachi zilikuwa zimeungua, guta halina kazi, na tumbaku ya watu iko shambani inangoja. "Nimemfukuza," akasema. "Na unajua kinachoniuma ni nini? Si kuligonga. Chuma kinagongwa. Alipaka gundi, mdogo wangu, akapaka na vumbi juu yake ili nisione. Anakataa mpaka sasa."

Nilisema, "Pole sana, kaka."

Nilikuwa nje ya maktaba. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu wapagazi, hasa Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kati ya pwani na nchi yetu. Njia yao ilipita huku kwetu. Stanley aliifuata mwaka 1871 alipokuwa anakwenda Tabora kumtafuta Livingstone. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula na mkeka wake mwenyewe. Ukisoma vitabu vya wasafiri wale unakuta vitambaa vimehesabiwa kwa pande, shanga kwa aina, waya kwa uzito. Majina ya wengi waliobeba hayamo. Wanaonekana zaidi wanapotoroka, na Stanley ameandika mwenyewe, bila haya, kwamba waliotoroka aliwachapa viboko. Katika sura ya pili nilikuwa nimeandika kwa uchungu mkubwa kuhusu mtu anayebeba mzigo wa mwingine na kubebeshwa lawama pia. Msimamizi wangu aliipenda sura ile.

Nilikata simu, nikarudi ndani, nikaendelea kuisahihisha.

*

Kaka hana haraka na injini. Alifungua nati ya kumwagia oili, akaiacha ichuruzike ndani ya beseni tukinywa chai. Alichora alama kwa ncha ya msumari kwenye shafti ya kiki, ili kiki irudi pembe ileile aliyoizoea mguu wake. Akalegeza waya wa klachi. Kisha akasema, "Lete boksi."

Nilileta ubavu wa boksi la sabuni. Akachora umbo la kava juu yake, akatoboa matundu kuzunguka, na kila bolti aliyoitoa akaichomeka kwenye tundu lake.

"Bolti hizi hazilingani urefu," alisema. "Ukiweka ndefu penye fupi, inafika mwisho kabla haijabana, na wewe unadhani bado. Ukiweka fupi penye ndefu, inashika nyuzi mbili tatu tu. Siku moja uzi unakufa. Na uzi hauko kwenye kava, uko kwenye injini. Kava nimelipata kwa shilingi 35,000. Injini nitaipata kwa nini?"

Kava la zamani liligoma kutoka. Nikachukua bisibisi ili niichomeke kwenye mwanya nilibandue. Akaniwahi mkono.

"Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu."

Alinieleza kwamba kava na injini vinakutana kwa nyuso mbili bapa zenye karatasi nyembamba katikati, ndiyo gasketi. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuwa mfereji. Akachukua kipande cha mninga, akagonga taratibu kuzunguka kava, kona hii, kona ile, mpaka likaachia lenyewe.

Kazi iliyofuata ilichukua muda mrefu kuliko zote, na aliniachia mimi: kutoa gasketi ya zamani iliyogandia kwenye uso wa injini. Alinipa wembe na kitambaa chenye petroli, akaziba matundu ya ndani kwa matambara ili vipande visidondoke humo. "Lalisha wembe," alisema, "kama unamnyoa mtoto." Nilikwangua karibu saa nzima. Palipokuwa na ufa wangu, upande wa injini, kulikuwa na alama ndogo ya gundi iliyopenya na kuganda. Niliikwangua nayo.

Yeye alikuwa ameyalaza makava mawili kwenye gunia, moja chali kando ya jingine, anayalinganisha kama mtu anayetazama noti. Injini ya guta letu ni ya ukoo wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Honda waliitengeneza wakizifikiria nchi kama zetu: vali zake zinasukumwa kwa vijiti badala ya kuvutwa na mnyororo, ili ivumilie kazi ngumu na matunzo haba. Viwanda vya China vikaiiga, vikaiongeza ukubwa, na leo watoto wake wamo kwenye pikipiki za bodaboda, kwenye maguta, hata kwenye pikipiki za matairi manne. Kwa hiyo kava tulilokuwa tunaliita orijino lilikuwa kopi, na hili jipya lilikuwa kopi ya kopi.

"Baba mmoja," kaka alisema, "lakini si mapacha."

Alipitisha gasketi mpya juu ya kava jipya kuona kama matundu yote yanakutana. Alijaribu pini mbili ndogo zinazolielekeza kava likae mahali pake. Moja ilikuwa imebana sana, akaisugua kwa msasa. Alipuliza kwa mdomo kwenye njia ya oili. Haikupitisha pumzi. Akapuliza tena, mashavu yamejaa, kisha akachukua waya wa spoku na kutoa kigae chembamba cha aluminiamu kilichobaki tangu kava lilipomiminwa kiwandani.

Akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa chepesi kama gamba la samaki. Kama tungelifunga lile kava lilivyotoka dukani, krenki ingekosa oili na injini ingekufa ndani ya siku chache, na tungesema spea za siku hizi ni mbovu.

Mwisho alilaza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, akausugua uso wa kava juu yake mara chache, akaugeuza kwenye mwanga. Panapong'aa pamegusa; palipobaki na giza ni bonde. Uling'aa wote, isipokuwa kidogo karibu na kiki. Akarudia mpaka pale pia pakang'aa, kisha akaliosha kava lote kwa petroli ili chembe za msasa zisibaki.

Tulilivalisha pamoja. Alifunga nailoni kwenye meno ya shafti ya kiki ili yasichane mdomo wa sili mpya yakipita, akapaka oili kidogo, akasukuma. Lilikaa. Nikaanza kuingiza bolti kwa vidole, kila moja kutoka tundu lake kwenye boksi. Akanipa spana ya T, namba 8.

"Mizunguko mitatu. Kwanza ziguse tu. Nenda kwa msalaba: hii, kisha ya ng'ambo yake. Ukianza upande mmoja ukamaliza, kava linalala upande."

Mzunguko wa kwanza nilimaliza vizuri. Wa pili nikiwa katikati nikauliza, kwa sababu ukimya ulikuwa umenizidi, kama tungeweza kupaka na gundi ya gasketi kidogo pembeni, kwa usalama zaidi.

"Ya nini? Nyuso zimekutana. Gundi ikizidi inaingia ndani, inakatika, inakwenda kuziba chujio la oili." Akafuta mikono. "Muulize yule dogo gundi ilimsaidia nini."

Spana ilikuwa bado kwenye bolti.

"Si yeye aliyepaka," nikasema.

Alinitazama.

"Ile gundi ni mimi, kaka. Desemba. Niligonga kisiki nikitoka mashineni. Na vumbi ni mimi."

Upepo ulipita, boksi likaruka, akalikanyaga kwa mguu bila kuondoa macho kwangu. Nilidhani atapiga kelele. Kaka yangu hupiga kelele kwa vitu vidogo: kuku jikoni, redio.

"Malizia mzunguko wa tatu," akasema. "Taratibu. Bolti haina kosa."

Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilikwenda kwa msalaba kama alivyosema, na kila bolti ilipofika mahali pa kubana alikuwa ananiwekea kidole juu ya spana: hapo. Kwenye ile ya karibu na kiki nilitaka kuongeza. Akanishika kifundo cha mkono. "Hapo. Ukiongeza unaua uzi."

Tulipomaliza aliinuka, akaenda kunawa kwa sabuni ya unga. Alinawa muda mrefu sana. Aliporudi alikaa kwenye kigogo, mbali kidogo na mimi.

"Nilipokupigia Machi ulikuwa wapi?"

"Maktaba."

"Ukasema nini?"

"Nilisema pole."

"Ulisema pole," akarudia. Akakaa kimya. Halafu akasema, taratibu, akilitazama guta na si mimi: "Nilimkata 60,000 yake. Mama yake nilimkuta mnadani, nikamwambia mbele za watu kwamba mwanawe ni mwongo. Alikuwa anauza karanga. Alifungasha karanga zake, akaondoka kabla ya saa sita."

Sikuwa na la kusema.

"Kesho tutakwenda," akasema. "Wewe utasema yako. Mimi nitasema yangu."

*

Asubuhi tulitia oili, lita moja na kidogo, ile ya pikipiki. Kaka hatii oili ya gari hata ikiwa ya bure. Nyingi zimewekwa vilainishi vya kupunguza msuguano, na klachi inayooga ndani yake inaishi kwa msuguano. Akarekebisha waya wa klachi mpaka mkono ukawa na nafasi ndogo ya kuchezea kabla haujaanza kuvuta. Akapiga kiki. Injini ikashika mara ya pili. Tuliiacha iungurume, mimi nimechuchumaa upande wa kulia na tochi ya simu, naangalia mstari mwembamba ambapo kava linakutana na injini. Mkavu.

Tulikwenda na guta lenyewe.

Kijana alikuwa nyuma ya kwao, anafyatua matofali. Alituona tukiingia, akaendelea kusukuma udongo kwenye kibao. Mama yake alitoka jikoni, akatufutia kigoda na kiti kwa kanga yake. Tuliamkia. Alituitikia. Tuliulizana habari za nyumbani, za mvua iliyopita, za mahindi, na kila swali lilivyozidi kuwa la kawaida ndivyo nilivyozidi kutamani lisiishe.

Kisha kaka akanyamaza, na nikajua ni zamu yangu.

Nilisema yote. Sikusema vizuri. Nilianza na mbuzi, kana kwamba mbuzi alikuwa na sehemu yake katika kesi. Nilipofika kwenye vumbi nililopaka juu ya gundi, sauti za matofali nyuma ya nyumba zilikuwa zimekoma. Kijana alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

"Kwa hiyo mwanangu ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Nilisema sijaligonga," kijana akajibu. "Nilikwambia wewe. Nikamwambia na yeye."

"Ulisema," kaka akasema. Aliinuka. Kaka yangu amemzidi yule kijana miaka kumi na mitano, na kwetu mkubwa hamwinukii mdogo hivi hivi. "Nilikukosea. Nakuomba radhi. Na wewe mama, maneno ya mnadani nitayarudia palepale mnadani, ila safari hii nitayasema yalivyo."

Nilitoa ile 60,000. Ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kuchapa na kujalidi tasnifu, na nalisema hili kwa sababu nilipokuwa naitoa nilijikuta nikiwaza kwamba hiyo ni gharama kubwa, na wakati huohuo nikaona miguu ya kijana. Mguu wake wa kulia ulikuwa na alama ndefu kwenye muundi. Kuni hazikuwa zimemkosa zote. Hilo kaka hakuniambia kwenye simu, na mimi sikuuliza.

Alizihesabu kwa vidole vyenye udongo, akampa mama yake.

"Ukitaka kurudi, kazi ipo," kaka akamwambia.

"Nina oda ya matofali," akasema. "Nitaangalia."

Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemwuliza. Tulipokuwa tunaaga alitusindikiza mpaka kwenye guta, nadhani kwa sababu mama yake alimtazama. Akachuchumaa upande wa kulia. Akapitisha kidole chini ya kava, akakitazama.

"Mmekaza tena baada ya injini kupoa?"

Kaka akasema alipanga kufanya hivyo jioni.

"Gasketi mpya ikipata moto inajibana," kijana akasema. "Bolti zinabaki na nafasi. Ngoja ipoe kabisa."

Tukangoja. Mama akaleta karanga. Hakuna aliyezungumza sana. Injini ilipopoa alinyoosha mkono, kaka akampa ile T namba 8, na kijana akazunguka kava kwa msalaba, akisikiliza mkono wake. Nyingi hazikusogea. Mbili zilisogea kidogo, robo ya robo ya mzunguko, mojawapo ile ya karibu na kiki. Akamrudishia kaka spana.

"Hiyo iangalieni kila wiki," akasema, na kwangu akaongeza, "dada." Akarudi kwenye matofali yake.

*

Wiki zilizobaki za likizo nilipewa kazi ya kulitunza kava. Si kazi kubwa. Jioni unaosha injini kwa maji ya kopo na brashi, husukumi maji kwa nguvu kwenye sili ya kiki. Tope halikai usiku kucha, maana linaficha uvujaji na linazuia moto wa injini usitoke. Ukilaza guta unaweka kipande cha boksi chini ya ubavu wa kulia. Asubuhi, kabla ya chai, unalisoma lile boksi. Kisha unachomoa kijiti, unakifuta, unapima oili.

Siku kumi na tisa boksi lilikuwa safi. Asubuhi ya ishirini, siku ambayo jioni yake nilikuwa napanda treni, lilikuwa na tone moja, jeusi, ukubwa wa mbegu ya papai.

Niliangalia huku na huku. Kaka alikuwa bado ndani, nasikia redio. Kitambaa kilikuwa mkononi. Sitasema sikufikiria.

Niliita, "Kaka, njoo uone."

Alikuja na kikombe chake, akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya kava. Kikavu. Akakipitisha kwenye nati ya kumwagia oili. Kikarudi kimelowa. Ni ile pete ya shaba ya nati, akasema, imechoka, inahitaji kubadilishwa, inauzwa hata hapa. Akanywa chai iliyobaki.

"Leta spana," akasema, "tuikaze kidogo kwa sasa. Halafu upite dukani kabla hujaondoka."